Mbwa Mkubwa wa Ulinzi na Nyumba Yenye Watoto Wadogo

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Msemaji ni Afisa Elimu.

Hodi, wanafunzi! Hodi, mabibi na mabwana mliokaa darasani jioni hii, na ninyi mnaosikiliza nyumbani!

Nimeanza kwa kupiga hodi kwa makusudi. Mtu mwema akifika nyumbani kwako hupiga hodi, nawe humwitikia, karibu. Mwizi hapigi hodi. Basi watu wengi siku hizi, hasa mijini, wanataka kuweka mbwa mkubwa wa kuwatenganisha hao wawili. Je, mbwa anaiweza kazi hiyo? Na je, nyumba yenye watoto wadogo inamfaa? Hayo ndiyo tutakayozungumza leo.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne haya: MALEZI, CHANJO, GHARAMA, JIRANI. Wanafunzi, yaandikeni katika madaftari yenu. Tutayafikia moja moja. Lakini kwanza nitawapa kisa, na kisa chenyewe ni cha nyumbani kwangu.

MTOTO WA MBWA ALIYETOLEWA BURE

Nyumbani kwetu tuko watu wanne: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka minne, na mdogo wake wa miezi kumi. Huyu mdogo sasa anatambaa kila mahali, na kila akionacho hukitia mdomoni.

Miezi michache iliyopita, usiku mmoja wa mvua, wezi walivunja dirisha la stoo. Walichukua baiskeli yangu, mtungi wa gesi na mfuko wa mchele. Sisi hatukusikia neno. Asubuhi mke wangu alikuta alama za miguu yenye matope, hatua tatu tu kutoka mlango wa chumba cha watoto. Tangu siku hiyo hakulala vizuri, wala mimi sikulala. Bati likilia kwa upepo, nilikaa kitandani nikasikiliza.

Baada ya wiki mbili rafiki yangu alikuja na habari. Jike lake la Jamani shepadi lilikuwa limezaa, naye alitaka kunipa dume mmoja bila malipo. Akaniambia, "Mwalimu, huyu akikua, hata paka wa jirani hatapita uani kwako." Nilifurahi sana. Nilikwisha kumwona akilini mwangu mbwa mkubwa amelala mlangoni, masikio wima, na wanangu wamelala salama.

Nilipomweleza mke wangu hakukataa. Aliniuliza swali moja tu. "Baba watoto, nani atamfundisha?"

Nikajibu upesi, "Atajua mwenyewe. Ulinzi umo katika damu yake."

Akanitazama, akasema, "Wewe ni mtu wa elimu. Umeona wangapi waliojua kusoma wenyewe, bila kufundishwa?"

Nilinyamaza. Kesho yake nikamwomba rafiki yangu anipe siku saba za kufikiri. Niliyoyafikiri na kuyauliza katika siku hizo saba ndiyo ninayowaletea leo.

MBWA HUYU NI MBWA GANI?

Jina Jamani shepadi maana yake ni mchungaji wa Kijerumani. Kazi yake ya asili haikuwa kulinda nyumba, bali kuchunga kondoo. Mwaka 1899 mtu mmoja aliyepata kuwa ofisa wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alinunua mbwa mchungaji aliyempendeza sana, akaanzisha chama cha kuzalisha mbwa wa namna hiyo. Alitaka mbwa mwenye akili, mwenye nguvu, na mwenye kupenda kazi. Alifaulu. Baadaye polisi na majeshi ya nchi nyingi waliwachukua mbwa hao, na hata hapa Afrika ya Mashariki wanatumika katika kazi ya polisi.

Dume aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 30 hadi 40, na kimo cha sentimita 60 hadi 65 mpaka begani. Hebu tumlinganishe na mtoto. Binti yangu ana kilo 16. Basi mbwa huyo ni mzito kuliko yeye karibu mara mbili au zaidi. Na mtoto wa mwaka mmoja akisimama, uso wake uko karibu sawa na mdomo wa mbwa. Wako mbwa wakubwa zaidi: Rotwaila dume hufikia kilo 50, na Boaboeli dume wa Afrika ya Kusini hupita kilo 60. Niyasemayo juu ya mmoja yanawahusu wote.

Kumbukeni jambo hili: mbwa aliyezalishwa kwa ajili ya kazi, asipopewa kazi, hujitafutia mwenyewe. Atafukua bustani, atabweka usiku kucha, au atawakimbiza watoto wanaocheza na kuwauma visigino, kama vile babu zake walivyokimbiza kondoo. Hiyo si roho mbaya. Ni nguvu na akili zisizo na shughuli.

NENO LA KWANZA: MALEZI

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa mbwa asitengwe na mama yake kabla ya wiki 8. Tena tangu wiki ya 3 mpaka kama wiki ya 14 ya maisha yake ndio wakati anaojifunza dunia ikoje. Katika majuma hayo anapaswa kuzoeshwa polepole, kwa upole, kila atakachokiona baadaye: watoto wanaolia na kucheka, mzee mwenye fimbo, mwanamke aliyevaa buibui, mtu mwenye mzigo kichwani, baiskeli, mkokoteni, pikipiki. Akiwaona watu hao bila kuumizwa, atawajua kuwa ni watu wa kawaida.

Lakini mbwa aliyefungiwa uani tangu utoto humwona kila mgeni kuwa ni mwizi. Mwanafunzi anayeleta daftari ni mwizi. Bibi anayekuja kuomba chumvi ni mwizi. Mtoto wa jirani anayefuata mpira wake ni mwizi. Mbwa huyo hana kosa. Hakuna aliyemfundisha maana ya hodi.

Wako watu wanaosema, "Mbwa ili awe mkali, mfunge mnyororo mchana kutwa, umpige, na umtie pilipili katika chakula." Hayo ni makosa, tena ni ukatili. Mbwa wa namna hiyo haongezewi ujuzi wa kulinda, anaongezewa woga. Na mbwa mwoga huuma upesi kuliko mbwa mwenye utulivu, na humwuma aliye karibu. Katika nyumba ya watoto, aliye karibu ni nani?

Sasa nitawaambia jambo ambalo mke wangu alilijua, nami nilikuwa nimejisahaulisha. Nilipokuwa na umri wa miaka tisa, jirani yetu alinunua mbwa mkubwa baada ya kuibiwa. Mbwa yule alifungwa mnyororo chini ya mwembe. Mdogo wangu wa kike, mwenye miaka minne, alizoea kupita pale. Siku moja kipande chake cha andazi kilianguka karibu na sahani ya mbwa, akainama kukiokota. Mbwa alikuwa anakula. Alimwuma shavuni mara moja tu, akamwachia.

Mdogo wangu alipona, lakini kovu analo mpaka leo. Mbwa aliuawa jioni ile ile. Mbwa yule hakuwahi kumshika mwizi hata mmoja. Na nikifikiri sasa, mtoto hakuwa na kosa, wala mbwa hakuwa na kosa. Wenye makosa walikuwa watu wazima, kwa maana walinunua mbwa kama mtu anunuavyo kufuli. Kufuli ukilifunga unakwenda zako. Mbwa si kufuli.

Kisa hiki si cha ajabu. Watoto wengi wanaoumwa na mbwa huumwa na mbwa wanayemjua, wa nyumbani kwao au wa jirani, na watoto wadogo huumwa zaidi usoni na kichwani. Kwa hiyo shikeni kanuni hizi:

Kwanza, mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata mbwa mpole, hata kwa dakika moja. Mtu mzima awe hapo na macho yake yawe hapo.

Pili, mbwa anayekula, anayelala, au anayenyonyesha asiguswe.

Tatu, watoto wasimpande mbwa mgongoni, wasimvute mkia, wala wasimkumbatie shingoni.

Nne, mbwa akikakamaa, akigeuza uso, akionyesha weupe wa macho, au akinguruma, anasema, "Niacheni." Mwondoeni mtoto. Wala msimpige mbwa kwa kunguruma, maana mbwa aliyekatazwa kunguruma huuma bila kutoa habari.

NENO LA PILI: CHANJO

Ugonjwa wa kwanza wa kuogopwa ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huletwa na virusi vilivyo katika mate ya mnyama mgonjwa. Karibu watu wote wanaoupata duniani huambukizwa na mbwa, na miongoni mwa wanaoumwa watoto ni wengi. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini unaweza kuzuiwa kabisa. Sikieni vizuri, na mwalimu arudie maneno haya.

Mtu akiumwa na mbwa, au akiparuzwa, au mate ya mbwa yakiingia katika kidonda, osheni mahali hapo mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15. Dakika 15 ni nyingi, tazameni saa. Msipake mafuta ya taa, wala majivu, wala majani. Kisha mpelekeni mtu huyo hospitali siku ile ile akachomwe sindano za kinga, na amalize zote kama alivyoandikiwa. Msingoje kuona kama atapona mwenyewe. Ugonjwa unaweza kujificha mwilini wiki kadhaa au miezi kabla ya kutokea.

Na mbwa je? Mtoto wa mbwa huchanjwa kichaa akitimiza miezi mitatu, kisha chanjo hurudiwa kwa tarehe anayoandika bwana mifugo katika kadi yake. Zipo na chanjo nyingine zinazoanza mapema zaidi, kwenye wiki ya 6 hadi ya 8, za kuzuia magonjwa yanayoua watoto wa mbwa kwa kuhara damu. Tena apewe dawa ya minyoo, kwa sababu minyoo ya mbwa humwingia mtoto anayechezea mchanga. Msimpe mbwa maini na mapafu mabichi kutoka machinjioni. Ndani yake mnaweza kuwa na malengelenge ya mnyoo, ambayo mbwa akiyala, mayai yake humrudia mtu na kumfanyia uvimbe mkubwa tumboni.

NENO LA TATU: GHARAMA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi chukueni kalamu, tufanye hesabu.

Mbwa mwenye kilo 35 hula karibu nusu kilo ya chakula kikavu kwa siku, yaani unga pamoja na dagaa au nyama, kabla ya kupikwa. Kwa mwezi wa siku 30, nusu kilo mara 30 ni kilo 15. Kwa mwaka, kilo 15 mara 12 ni kilo 180. Mbwa huyu huishi kama miaka 10 au zaidi. Kilo 180 mara 10 ni kilo 1,800. Andikeni: kilo elfu moja na mia nane. Ni magunia 18 ya kilo mia mia.

Mwanafunzi mmoja atasema, "Bwana Afisa, mbwa wangu atakula makombo." Sawa, lakini katika nyumba ya watu wanne, makombo ya kushibisha mbwa wa kilo 35 yatoke wapi? Mbwa mkubwa mwenye njaa uani penye watoto wenye maandazi mkononi ni hatari. Mmekwisha kusikia habari za mdogo wangu.

Ongezeni chanjo, dawa za kupe na minyoo, na banda lenye kivuli. Jamani shepadi ana manyoya mazito ya tabaka mbili. Katika joto la pwani lazima apate kivuli na maji safi mchana kutwa. Mbwa hawa huweza pia kupata ugonjwa wa nyonga, hata wakashindwa kusimama vizuri uzeeni. Hapa Tanzania iko Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, nayo inamtaka mwenye mnyama amtunze na asimtese.

Gharama kubwa kuliko zote ni wakati. Mbwa huyu anataka kutembezwa na kufundishwa saa moja au mbili kila siku, katika mvua na katika jua. Mimi hutoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jioni. Mke wangu ana mtoto mgongoni. Sasa mtanielewa kwa nini swali lake lilininyamazisha.

NENO LA NNE: JIRANI

Mlinzi wako asiwe adui wa mtaa. Pasipo ukuta au ua imara, mbwa mkubwa atatoka. Wengi wa ndugu zetu Waislamu hapa kwetu hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Chombo kilicholambwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba hawakukatazwa, na wanazuoni wengi hukubali pia mbwa wa ulinzi. Lakini mbwa wako akiingia kwa jirani na kulamba sufuria yake, umemtia taabu, tena umemvunjia heshima. Kabla ya kuleta mbwa, nendeni mkaseme na majirani wa pande zote. Hao ndio watakaokuja mbio mkipiga yowe usiku.

TULIYOAMUA SISI

Siku ya saba tuliketi, mimi na mke wangu, tukajiuliza maswali matano. Nani yuko nyumbani mchana wa kumlea? Je, tuna ua usiopitika? Je, tunaweza magunia 18? Je, mtoto wetu mdogo ameweza kusikia "usimguse" na kutii? Je, jirani wamekubali? Tulijibu hapana mara nne. Majirani tu ndio waliokubali.

Nikaenda kwa rafiki yangu nikamwambia, "Ndugu yangu, ahsante sana, lakini mwaka huu hapana." Haikuwa rahisi, kwa sababu hofu ya wezi ilikuwa bado ingalipo. Lakini hofu haikutuzuia kufanya kazi. Tulitia nondo katika dirisha la stoo. Tuliweka taa uani. Tulipanda michongoma pale ua ulipokuwa wazi. Na sisi na nyumba mbili za jirani tulipatana: filimbi ikilia, wote tunawasha taa na kutoka pamoja. Sisemi kwamba mwizi hawezi kuja tena. Nasema kwamba mke wangu sasa analala, na mtoto anatambaa uani bila mimi kuogopa.

Msifikiri kwamba nawakataza. Iko nyumba inayomfaa mbwa huyu: watoto wamekua na wana utii, ua ni imara, chakula kipo, na yuko mtu mzima mwenye wakati na subira. Katika nyumba hiyo mbwa mkubwa aliyelelewa vizuri ni mlinzi hodari, na watoto humpenda.

Yule dume mdogo alichukuliwa na mzee mmoja mstaafu wa mtaa wa pili. Humtembeza kila alfajiri na kila jioni. Juzi nilikwenda kwake na binti yangu. Nilipopiga hodi, mbwa alibweka mara tatu. Mzee alisema, "Karibu," kisha akamwambia mbwa, "Kaa." Akakaa. Binti yangu alishika mkono wangu, akamtazama. Mzee akamwuliza kama anataka kumgusa mgongoni. Akamgusa, mimi nikiwa hapo, mzee akiwa hapo. Njiani alisema, "Baba, tumchukue." Nikamwambia, "Tutazungumza tena mdogo wako akianza shule."

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini msemaji anasema mbwa si kufuli?
2. Mtoto ameumwa na mbwa wa jirani. Elezeni, hatua kwa hatua, mtakayofanya katika saa ya kwanza.
3. Mbwa wa kienyeji mwenye kilo 15 anakula robo kilo ya chakula kikavu kwa siku. Atakula kilo ngapi kwa mwezi wa siku 30?
4. Jiulizeni maswali matano ya msemaji, kila mmoja kwa nyumba yake. Mmepata jibu gani?

Mkifika nyumbani, wasomeeni wenzenu kanuni nne za watoto na mbwa. Asiyejua kusoma na asikilize, na kesho mje naye darasani. Kwa herini, na laleni salama.